Saa ya Askari kwenye Dungu la Hewani

Anayekesha kwenye dungu la mpunga kule Hewani hulinda shamba kwa masikio kuliko macho. Kiboko akipanda kutoka Mto Tana husikika kabla ya kuonekana: maji yanachuruzika, matete yanavunjika, kisha pumzi nzito. Katika giza hilo mlinzi anataka kujua ni saa ngapi. Zamu yake inaisha lini, amwamshe mwenzake sasa au bado, alfajiri iko mbali au imekaribia? Akiwasha simu, mwanga wa kioo chake unampiga machoni, na akiuzima giza linakuwa zito kuliko mwanzo. Betri nayo inapungua, na pa kuichaji ni mpaka kesho.

Askari wa mahandaki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, walikutana na shida iyo hiyo. Saa ya mfukoni ilimtaka mtu aweke bunduki chini, afungue koti na kuvuta mnyororo. Kiberiti cha kuisomea kilimwonyesha adui pa kulenga. Basi saa ikahamia mkononi, namba zikakuzwa, mishale ikanenepeshwa, na juu yake ikapakwa rangi inayong'aa gizani. Sura hiyo ndiyo inayouzwa leo duniani kote kama saa ya kijeshi: uso mweusi, namba nyeupe, mkanda wa nailoni au wa turubai, pambo hakuna. Hamilton wanayo Khaki Field, Timex na Seiko wana zao, na Vertex ya Uingereza ilifufuliwa mwaka 2016 ikifuata saa yake ya 1945. Mwaka huo wa 1945 makampuni 12 yalilitengenezea jeshi la Uingereza saa za muundo mmoja, kila moja ikiwa na alama ya mshale mpana kuonyesha kuwa ni mali ya serikali. Wakusanyaji wa saa za kale wanazisaka mpaka leo.

Wauzaji husifu historia, chuma na ngozi. Kwa mtu wa Hewani vyote hivyo ni vya kando. Kilicho na thamani katika saa ile ni vidoa vya unga juu ya namba na mishale, vinavyotoa mwanga bila betri wala waya. Unga huo umekuwa wa aina tatu katika muda wa karne moja, na wa kwanza uliua watu.

Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie waligundua radiamu, elementi inayotoa mionzi usiku na mchana bila kuchochewa na chochote. Wataalamu wakaichanganya na salfaidi ya zinki. Kila chembe ya mionzi ikigonga fuwele ya zinki, fuwele inatoa cheche ndogo ya mwanga wa kijani. Cheche zikiwa nyingi, namba ya saa inawaka usiku kucha. Jeshi likaagiza saa na vipimo vya ndege kwa maelfu, na viwanda vya Marekani vikaajiri wasichana kupaka rangi hiyo kwa brashi nyembamba.

Namba ya saa ni ndogo, na brashi ikichanuka inaharibu kazi. Wasichana walifundishwa kuinyoosha ncha kwa midomo: weka mdomoni, chovya, paka, kisha urudie. Kila mara walimeza kiasi kidogo. Waliambiwa haina madhara, na wengine walijipaka kwenye kucha na nywele ili wang'ae wakienda dansi. Grace Fryer alianza kazi hiyo mwaka 1917 huko Orange, New Jersey. Baada ya miaka michache meno yakaanza kung'oka, taya zikaoza, mifupa ya miguu na mgongo ikaanza kuvunjika kwa wasichana waliokuwa na afya njema. Mwaka 1925 daktari Harrison Martland alithibitisha kuwa radiamu ilikuwa imejaa miilini mwao. Fryer na wenzake wanne walishtaki mwaka 1927, kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 1928, wakalipwa fidia. Mwaka huo huo Sabin von Sochocky, mtu aliyeibuni rangi yenyewe, alikufa kwa ugonjwa wa damu uliotokana nayo. Fryer alifariki 1933. Ujasiri wa wanawake hao ulisaidia kuleta sheria za kumlinda mfanyakazi dhidi ya sumu ya kazini, na majina yao yanastahili kutajwa kila saa hizo zinapotajwa.

Kwa nini mifupa? Radiamu iko katika ukoo mmoja na kalsiamu, madini yanayojenga mifupa na meno. Mwili hauna njia ya kuzitofautisha vizuri, kwa hiyo huichukua radiamu na kuipanga mfupani kama kalsiamu. Ikishakaa pale haitoki kwa urahisi, na inaendelea kupiga uboho kwa mionzi maisha yote ya mtu.

Jambo hili bado linatuhusu hapa pwani. Radiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600 hivi. Fuwele za zinki, kwa upande wake, huharibiwa na kipigo hicho cha mionzi na kuchoka baada ya miaka michache. Kwa hiyo saa ya jeshi ya miaka ya 1940 huwa imezimika kabisa gizani huku mionzi yake iko karibu kama siku ilipotengenezwa. Kuzimika kwake kusimdanganye mtu. Kuna nyumba zenye saa ya babu aliyepigana Burma au kutumikia jeshi la mkoloni, imefungwa kitambaani ndani ya sanduku. Ikiwa ni ya kabla ya miaka ya 1960 na vidoa vya namba zake vimegeuka rangi ya kahawia, ichukuliwe kuwa ina radiamu. Ikifungwa, kioo na chuma huzuia sehemu kubwa ya hatari. Hatari kubwa ni vumbi: rangi iliyokauka humeguka, na fundi akiifungua na kuipuliza kwa mdomo, ataivuta. Asiwepo wa kuikwangua, watoto wasiichezee, na isiwekwe chumba cha kulala kisicho na hewa.

Baada ya radiamu ikaja tritiamu, aina ya haidrojeni yenye mionzi dhaifu isiyoweza kupenya kioo cha saa wala ngozi ya mtu. Saa za jeshi la Marekani za kuanzia miaka ya 1960, na za Uingereza vilevile, zilipakwa rangi yake. Herufi T usoni ni mojawapo ya alama zake. Tritiamu hupungua nusu kila miaka 12 na kitu, kwa hiyo saa ya 1980 leo imebaki na mwanga wa kubahatisha. Bado inatumika, ikiwa imefungwa kama gesi ndani ya vijineli vya kioo, katika saa kama za Marathon ya Kanada. Ni nzuri, lakini bei yake si ya mkulima.

Ugunduzi uliobadilisha mambo ulitoka Japani. Kampuni ya Nemoto ilikuwa imeishi kwa rangi za kung'aa tangu 1941. Wateja walipoanza kuikataa mionzi ya aina yoyote, ilibidi upatikane unga usio na mionzi kabisa, na hapo palikuwa na kikwazo: salfaidi ya zinki peke yake, ikianikwa kwenye mwanga, inang'aa kwa muda mfupi tu kisha inazimika. Mwaka 1993 watafiti wake, Yasumitsu Aoki akiwa miongoni mwao, walipata kampaundi nyingine: aluminiamu na strontiamu zilizounganishwa na oksijeni, zikatiwa chembe kidogo za yuropiamu na disprosiamu. Unga huo uling'aa takriban mara kumi zaidi ya ule wa zamani, na kwa muda mrefu mara kumi. Matokeo ya kisayansi yalichapishwa 1996, na kufikia 1998 Waswisi walikuwa wanautengeneza nao kwa jina la Super-LumiNova. Strontiamu hii ni ile ya kawaida iliyomo katika mawe, haina mionzi. Isichanganywe na ile ya mabomu ya nyuklia.

Namna unavyofanya kazi inaeleweka vizuri na mtu wa delta ya Mto Tana. Mto ukifurika, maji hutanda kotekote. Mto ukirudi mahali pake, maji hubaki kwenye mabonde na vidimbwi, na hutoka humo polepole kwa siku nyingi. Mwanga wa jua ndiyo mafuriko ya unga huu. Unaipiga yuropiamu, elektroni zake zinaruka juu, na nyingi zinaporudi zinanaswa kwenye vidimbwi ndani ya fuwele, ambavyo disprosiamu huviongeza na kuvichimba kina kinachofaa. Jua likizama, elektroni zilizonaswa huchomoka moja moja na kurudi kwa yuropiamu, na kila inayorudi inatoa chembe moja ya mwanga wa kijani. Kidimbwi kikiwa kifupi mno, zote zinatoka kwa dakika chache. Kikiwa kirefu mno, hazitoki. Ustadi wa Nemoto ulikuwa kupata kina cha katikati.

Kinachozichomoa elektroni hizo ni joto. Hapo ndipo sayansi hii inapokuwa na habari mahususi kwa Garsen na vijiji vyake kama Hewani, ambako mchana kuvuka nyuzi 30 ni jambo la kawaida na usiku haupoi sana. Saa iliyo na joto inang'aa kwa nguvu zaidi mwanzoni lakini inaishiwa mapema. Iliyo baridi inang'aa kwa upole lakini inadumu. Saa iliyovaliwa hupata joto la ngozi. Anayetaka iwake vizuri saa tisa ya usiku aivue aitundike kwenye mti wa dungu panapopita upepo. 

Halafu kuna namna ya kuilisha mwanga. Unga huu unakula mwanga wa buluu na ule wa urujuani usioonekana. Mwanga mwekundu na wa manjano hauushibishi. Koroboi na moto wa kuni, hata ukae navyo jioni nzima, ni chakula hafifu. Jua la mchana ndilo bora, na dakika chache zinatosha. Kuiacha juani siku nzima hakuongezi kitu, maana vidimbwi vikijaa vimejaa. Jua la magharibi, lenye wekundu, ni dhaifu kuliko linavyoonekana. Kwa hiyo anayetoka nyumbani baada ya chakula cha usiku afanye hivi: aishikilie tochi nyeupe ya simu juu kabisa ya kioo cha saa kwa dakika moja au mbili, kisha aende zake. Mwanga wa tochi hizo una buluu nyingi, hata kama jicho linauona mweupe tupu.

Mtu akiangalia saa yake dakika ya kwanza gizani huifurahia, baada ya nusu saa huona imefifia, akadhani imeharibika. Haijaharibika: mwanga hushuka haraka mwanzoni, kisha unabaki mdogo kwa saa nyingi. Lakini katika nusu saa hiyo hiyo jicho nalo lina kazi yake. Nyuma ya jicho kuna seli za aina mbili. Za mchana huona rangi na herufi ndogo. Za usiku, zenye umbo la fimbo, hazijui rangi, lakini zikipewa dakika 20 hadi 30 za giza huongeza wepesi wa kuona maelfu ya mara. Saa inapungua, jicho linapanda, na mtu aliyekaa gizani anasoma alfajiri kidoa ambacho aliyetoka kwenye taa asingekiona hata kidogo. Mwanga wa unga wa Nemoto una urefu wa wimbi wa nanomita 520 hivi, na seli za usiku huona vizuri kuliko zote karibu na nanomita 507. Ujirani huo wa namba ndio unaoufanya mwanga mdogo utoshe.

Sekunde chache za simu zinaharibu kazi hiyo ya nusu saa. Mlinzi aliyeangalia ujumbe wake kisha akainua macho kuutazama mpunga, kwa muda ule ni kama haoni. Askari walifundishwa hili, na wakafundishwa jambo la pili ambalo kila mtu anaweza kulijaribu usiku huu: usikitazame kitu hafifu moja kwa moja. Katikati kabisa ya jicho hamna seli za usiku. Elekeza macho pembeni kidogo ya saa, mishale itajitokeza. Tazama pembeni kidogo ya kichaka, na kiboko aliyesimama kimya anaweza kupata umbo.

Seli hizo za usiku hutengeneza rangi yao ya kunasia mwanga kutokana na vitamini A. Mtoto anayekosa vitamini hiyo huanza kujikwaa magharibi ikiingia, kabla dalili nyingine hazijaonekana. Maembe yaliyoiva, yale yanayojaza vikapu kando ya Mto Tana msimu ukifika, yana karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mboga za majani za kijani kibichi iliyokolea pia zinayo, na zikipikwa na mafuta kidogo mwili huichukua vizuri zaidi. Msimu wa maembe yakianguka na kuozea chini kwa kukosa soko, ninachohesabu mimi kwanza ni macho ya watoto, ndipo shilingi.

Kuna kitu kimoja kwenye uso wa saa ya askari ambacho saa nyingi za kuigiza hukosea. Juu, mahali pa namba 12, pawe na alama tofauti na nyingine: pembetatu, au vidoa viwili badala ya kimoja. Gizani huoni namba wala mkanda. Unaona duara la vidoa vinavyofanana, na bila alama ya juu unaweza kuisoma saa ikiwa kichwa chini. Sisi tunaohesabu saa tangu jua kuchomoza tumezoea kuusoma mshale mfupi upande wa pili: ukielekea saba, tunasema saa moja. Saa iliyogeuzwa kichwa chini kwa hiyo inaonyesha saa ya Kiswahili karibu sawasawa, huku dakika zikiwa zimepotea kwa 30. Kosa la namna hiyo halimshtui msomaji, ndiyo maana linapita.

Nusu saa inaweza isiwe kitu kwenye zamu ya dungu, lakini kuna usiku saa sahihi inapohitajika nyumbani. Dawa ya mseto ya malaria inayotolewa mara nyingi Kenya ina dozi sita kwa siku tatu. Ya pili inatakiwa saa nane baada ya ya kwanza, kisha nne zinazobaki asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mtoto aliyepewa ya kwanza saa tatu usiku anatakiwa ya pili saa kumi na moja alfajiri. Mama aliyechoka hujiambia atampa kukipambazuka. Saa inayosomeka akiwa amelala, bila kuwasha taa na kuamsha nyumba nzima, humsaidia kuishika ratiba. Wakati wa mafuriko, kama ya 2024 yaliyoingia majumbani kando ya mto huu, watu wakihamia mahali pa juu bila umeme, saa ya mkononi ndiyo hubaki ikifanya kazi simu zikizimika.

Unga wenyewe una adui mmoja: maji. Ukipata unyevu bila kinga, fuwele zake huvunjika kikemikali na hazing'ai tena. Saa iliyoandikwa mita 30 haikusudiwi kuogelea. Kipimo hicho hufanywa kwa shinikizo la maji yaliyotulia, na saa hiyo inatosha kwa mvua na kunawa. Anayevua samaki au kuvusha watu kwa mtumbwi atafute ya mita 100, na kila fundi anapobadilisha betri aulizwe kuhusu mpira wa mfuniko wa nyuma. Mpira huo ni mdogo na wa bei ndogo, na joto letu huukausha.

Betri ya saa ya quartz ni ya kuzungusha mishale tu, haihusiki na mwanga. Ndani yake kuna kipande cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na hata saa ya bei ya chini ya namna hiyo huwa sahihi kuliko nyingi za kutia ufunguo zilizobebwa na maofisa wa 1945. Kwa hiyo ukifika kibandani Garsen au Malindi, acha hadithi za makomando. Omba tochi, imulike saa kwa dakika moja, kisha ifunike vizuri kwa viganja viwili na uchungulie ndani. Vidoa vya mishale na vya namba viwe na mwanga wa kufanana, alama ya juu ionekane, na mshale mfupi utofautike na mrefu. Usiinunue hapo hapo. Iache gizani ndani ya mfuko, mzungumze bei kwa robo saa, uchungulie tena. Nyingi za kuigiza zimepakwa rangi nyeupe isiyo na unga, au unga mwembamba kama vumbi, na kwa robo saa hiyo zitakuwa zimeshazimika.